Kinachoingia kwenye matundu lazima kitoke

Kabla ya kuingia kwenye maabara ya vipandikizi vya mifupa nilikuwa fundi wa kuchonga vyuma. Kwa fundi wa namna hiyo, tundu ndani ya chuma ni kasoro. Ukikata kipande ukakuta kimeshika hewa ndani, unakitupa kwenye vyuma chakavu na kumlalamikia aliyekimimina. Kwa hiyo nilipoambiwa kwamba kazi yangu mpya itakuwa kutengeneza titani ambayo asilimia 70 ya ujazo wake ni matundu, nilicheka. Mzee aliyekuwa msimamizi wangu hakucheka. Alinisogezea kalamu akasema, "Piga hesabu ya uzito kwanza." Silinda yenye kipenyo cha milimita 10 na kimo cha milimita 15, ikiwa titani tupu, ina gramu 5.3 hivi. Ukiondoa asilimia 70, zinabaki gramu 1.6. "Hizo ndizo zitakazosimama ndani ya mfupa wa mtu," akasema. "Zilizobaki ni nafasi, na nafasi ndiyo utakayolipwa kuitengeneza."

Sababu ya kutoboa chuma kizuri kiasi hicho iko kwenye mfupa wenyewe. Titani nzima ina ukakamavu, yaani ukaidi wa kukataa kupinda, wa gigapaskali 110 hivi (gigapaskali ni kipimo cha ukaidi huo). Mfupa mgumu wa nje uko kati ya 10 na 20 au zaidi kidogo, na ule wa ndani, wenye vijitundu kama sifongo, uko chini kabisa ya hapo. Ukiviweka viwili hivyo bega kwa bega, chuma hubeba mzigo wote na mfupa hukaa bure. Na mfupa haupendi kukaa bure. Julius Wolff, daktari Mjerumani, aliandika tangu mwaka 1892 kwamba mfupa hujijenga kufuatana na mzigo unaoubeba, usipobeba, hupungua. Madaktari huliona hilo kwenye eksirei za watu waliowekewa nyonga za bandia: miaka inapita, na mfupa unaozunguka shina la chuma lililo ndani ya paja unazidi kufifia kwenye picha.

Matundu yanasaidia kwa hesabu rahisi ambayo Lorna Gibson na Michael Ashby waliieneza: kwa kiunzi chenye matundu yaliyo wazi, ukakamavu hufuata takriban kipeo cha pili cha sehemu ya chuma iliyobaki. Ikibaki asilimia 30, yaani 0.3, kipeo chake cha pili ni 0.09, na mara 110 unapata karibu gigapaskali 10. Tayari uko kwenye eneo la mfupa. Hesabu hiyo ina masharti yake, hasa pale vijiti vya kiunzi vinapobanwa moja kwa moja badala ya kupinda, lakini kwa kukadiria kipande kabla ya kukitengeneza sijapata iliyo nyepesi kuliko hiyo.

Sababu ya pili ndiyo iliyonichukua muda kuizoea. Mfupa hautakiwi kugusa chuma tu, unatakiwa kuingia. Kwa kawaida tunalenga matundu ya kati ya mikromita 300 na 600 (mikromita elfu moja ni milimita moja), kwa kuwa chini ya 100 mishipa ya damu hupita kwa shida, na pasipo damu hakuna mfupa. Wageni wengi kwenye kazi hii huishia hapo: wanapima tundu, wanaandika 500, wanafurahi. Mimi siku hizi napima mlango. Matundu mawili ya mikromita 500 yaliyounganishwa na kijia cha mikromita 60 ni sawa na kiunzi cha mikromita 60, maana kinachopita kinapita kwa ukubwa wa mlango, si wa chumba.

Nilianza na njia ya chumvi, na bado naipenda kwa sababu inafundisha kila kitu kwa gharama ndogo. Unachekecha chumvi upate punje za ukubwa unaotaka, unazichanganya na poda ya titani, unashindilia mchanganyiko kwenye kalibu, kisha unaondoa chumvi. Palipokuwa na punje panabaki tundu. Ukitaka asilimia 70 za uwazi unaweka chumvi asilimia 70 kwa ujazo (kwa ujazo, si kwa uzito, titani ina gramu 4.51 kwa sentimita ya ujazo na chumvi 2.16, ukichanganya mizani hizo mbili umekwisha). Kwa maneno ni hivyo tu. Kwa mikono kuna mengine.

Poda ni laini na chumvi ni nene, kwa hiyo ukiyachanganya makavu hayakai pamoja. Ukitingisha chombo, poda inashuka chini na chumvi inapanda, na kipande kitatoka kigumu upande mmoja na cha kuvunjika upande wa pili. Dawa yake ni unyevu kidogo: matone machache ya alkoholi yenye gundi kidogo, chumvi itangulie, izungushwe mpaka kila punje ing'ae, ndipo poda iongezwe. Ukifanya vizuri, kila punje inavaa koti la kijivu na huoni tena weupe popote. Nikiona weupe, sishindilii.

Baada ya kushindilia tunakichoma kipande kwa upole kwanza, chini ya nyuzi 801 za Selsiasi, ambako chumvi huyeyuka. Lengo ni poda ishikane kidogo tu ili kipande kisimomonyoke majini. Kisha kinaingia kwenye maji ya uvuguvugu, na maji yanabadilishwa, na yanabadilishwa tena. Unapima uzito kabla, unakausha, unapima baada. Uzito uliopotea unapaswa kulingana na chumvi uliyoweka. Ukipungua, kuna chumvi iliyofungiwa kwenye vyumba visivyo na mlango, na hiyo haitatoka hata ukiiloweka mwezi.

Mzee alinifundisha pia kutoamini mizani peke yake. Alikuwa na kichupa cheusi cha nitrati ya fedha. Alichota maji ya suuza ya mwisho, yaliyoonekana safi kama ya kunywa, akadondosha tone moja. Maji yakageuka meupe kama yametiwa maziwa. "Bado," akasema, akarudisha kipande majini. Fedha na klorini iliyomo kwenye chumvi hukutana na kuwa ungaunga mweupe usioyeyuka, kwa hiyo hata chumvi kidogo sana hujitangaza. Chumvi hiyo ikibaki, kwenye moto mkubwa itageuka mvuke na kwenda kula kuta za tanuri, na itakayosalia ndani ya kipande itakuwa mlango wa kutu. Wenzetu wengine hutumia bikabonati ya amonia badala ya chumvi, kwa sababu ikipashwa joto kidogo hugeuka amonia, kaboni dayoksaidi na mvuke wa maji, haiachi kitu. Ni kweli, ila harufu yake inawakimbiza watu jengo zima, na huanza kupotea hata kabla hujamaliza kushindilia. Kila kijazio kina namna yake ya kukataa kutoka au kutoka mapema.

Kisha ndiyo choma kubwa, nyuzi 1,200 na zaidi, kwenye ombwe, yaani tanuri lililonyonywa hewa. Titani ikishapata moto hunyonya oksijeni, na oksijeni ikiingia haitoki. Viwango vinavyotumika kwa titani tupu vinaonyesha ukali wa jambo hili: daraja la kwanza, lililo laini kuliko yote, linaruhusu oksijeni isizidi asilimia 0.18, na la nne asilimia 0.40. Tofauti yote kati ya chuma kinachopinda na chuma kinachokatika iko ndani ya sehemu ndogo hiyo ya asilimia. Na kipande chetu kina matundu, maana yake uso wake ni mkubwa mara nyingi kuliko wa kipande kizima cha uzito uleule, na kila sehemu ya uso huo ni mdomo.

Kwa hiyo ukifungua tanuri, kitu cha kwanza unachotazama ni rangi. Kijivu kilichofifia ni habari njema. Rangi ya majani makavu inakwambia hewa ilipita mahali. Bluu inakwambia ilipita nyingi. Tulipata bluu mara moja, nzuri sana kwa macho, vipande vyote vya choma ile. Mpira wa mlango wa tanuri ulikuwa umechoka. Mwenzetu kijana alisema tuviokoe kwa kuvisafisha kwa asidi, kwani rangi iko juu tu. Rangi iko juu, kweli. Ila rangi ni ishara tu, na oksijeni iliyozama huioni. Tulivibana kwenye mashine ya kupima nguvu, na vijiti vyake vilikatika kwa mlio wa chaki badala ya kujikunja. Tangu hapo tunaweka vipande vya titani chakavu kuzunguka kazi, vinyonye wao kwanza kile kilichobaki kwenye tanuri, na hatulazi kazi juu ya sahani ya alumina (kauri ya alumini na oksijeni) bila kitu katikati, maana kwenye joto hilo titani huichukua oksijeni hata kutoka kwenye sahani.

Baadaye ikaja leza, na wengi wetu tukadhani habari za kutoa vitu kwenye matundu zimekwisha. Leza inayeyusha poda tabaka kwa tabaka, kila tabaka mikromita 30 hadi 60 hivi, ndani ya chumba chenye argoni, gesi isiyoungana na chuma, na unachora kiunzi chako kwenye kompyuta jinsi unavyotaka: kila kijiti, kila pembe. Hakuna chumvi. Lakini kipande kinazaliwa kimezikwa ndani ya poda, na kila tundu lake limejaa poda ya punje za mikromita 15 hadi 45. Tumerudi palepale.

Hapa utaratibu wa hatua unahesabika kuliko ustadi. Kipande kilichotoka kwenye leza kina mikazo ndani yake na kinahitaji kupashwa joto ili kitulie. Ukikipeleka tanurini kabla ya kukitoa poda, poda itashikana humo na hakuna nguvu ya hewa wala mtetemo utakaoitoa tena. Ukikikata kutoka kwenye bamba kilipojengwa juu yake kwa mashine ya waya kabla ya kukisafisha, maji ya mashine yanaingia na kuifanya poda kuwa tope. Kwa hiyo: toa poda kwanza, kikiwa bado kimeshikamana na bamba, kikavu, kwa kukigeuza na kukigongagonga na kukipuliza. Na uwe na akili ya moto muda wote, kwani poda ya titani ikishika moto huizimi kwa maji wala kwa kaboni dayoksaidi. Kwetu kuna ndoo za chumvi kavu karibu na mkono.

Kuna mtego kwenye kupima. Unapuliza, unapima, uzito unashuka, unapuliza tena, unashuka kidogo, halafu unatulia. Mtu anaandika "safi". Uzito uliotulia unasema tu kwamba kilichokuwa tayari kutoka kimetoka. Kilichokwama katikati kinakaa kimya kwenye mizani. Njia ya uhakika tuliyonayo ni picha za CT, yaani eksirei za pande zote, za vipande vidogo, ambako unaona ndani safu kwa safu, na mara nyingi katikati kabisa utakuta kivuli kidogo cha punje zilizobanana. Tukaanza kupenda umbo linaloitwa gairoidi, ambalo Alan Schoen alilieleza mwaka 1970 akiwa NASA. Halina vijiti, ni ukuta mmoja unaojikunjakunja bila mwisho, na njia za kila upande wake zimeungana mwanzo hadi mwisho. Poda inateremka humo kwa urahisi zaidi. Tena halina kijiti cha kulala, na vijiti vya kulala ndivyo vinavyosumbua leza: upande wake wa chini hauna cha kuushikilia ila poda, chuma kilichoyeyuka kinaning'inia, na kijiti ulichokichora mikromita 200 kinatoka kinene na chenye ndevu.

Hizo ndevu, yaani punje zilizoyeyuka nusu na kung'ang'ania kwenye vijiti, zinahitaji asidi. Mchanganyiko unaotumika sana una asidi ya hidrofloriki na ya nitriki. Hidrofloriki naiogopa kuliko tanuri. Inapita kwenye ngozi bila kuchoma sana mwanzoni, kisha inaitafuta kalsiamu ya mwili, ndiyo maana jeli ya kalsiamu glukoneti haikosekani mezani. Huwa nawaambia wanaoanza kazi: tunatengeneza kitu cha kuujenga mfupa kwa kimiminika kinachoula, kwa hiyo glavu mbili na mtu wa pili chumbani. Na asidi nayo ina tabia ya kuingia bila kwenda mbali. Ukitumbukiza kipande na kukiacha, vijiti vya nje vinakondeana huku vya ndani vikibaki na ndevu zao, kwa sababu asidi ya ndani imechoka na haibadilishwi. Lazima isukumwe ipite, iingie huku itokee kule. Halafu maji yafuate njia hiyohiyo kwa muda mrefu zaidi ya asidi.

Jambo dogo ambalo kwa maoni yangu watu hulidharau ni hewa. Kipande kikavu ukikizamisha kwenye kimiminika chochote, hewa ya ndani haitoki yote. Tuliligundua kwenye kazi ya kuandaa uso kwa soda kali, njia ya Tadashi Kokubo wa Japani: hidroksidi ya sodiamu ya moli 5 kwa lita, nyuzi 60, kisha kupasha nyuzi 600, ili uso uvute kalsiamu na fosfeti kutoka kwenye majimaji ya mwili. Nje uso ulibadilika vizuri. Tulipokata kipande katikati, kulikuwa na maeneo ambayo soda haikuyagusa hata kidogo. Siku hizi chombo chenye kipande kinaingia kwanza chini ya kifuniko cha ombwe. Pampu ikiwashwa, kipande kinatulia sekunde kidogo, kisha kinaanza kutoa mapovu, mnyororo mmoja mwembamba kutoka kila pembe, na unaweza kukaa pale ukahesabu vyumba vyake vinavyofunguka. Mapovu yakikatika, unarudisha hewa taratibu na kimiminika kinasukumwa ndani chenyewe.

Kuhusu kupima nguvu nitakuwa mfupi. Kubana kipande mara moja, kwa utaratibu wa kimataifa wa ISO 13314, kunakupa mchoro mzuri wa kuonyesha wageni. Mguu mmoja wa mtu anayetembea kawaida hupiga hatua zinazofikia milioni kwa mwaka, na kiunzi kinachovumilia mzigo mkubwa mara moja kinaweza kukatika kwa mzigo wa sehemu yake ndogo ukirudiwa kiasi hicho. Kila ndevu na kila kona kali ni mahali pa ufa kuanzia. Mtu akiniletea namba ya kubana peke yake, namwomba ya kurudiarudia kabla ya kuendelea na mazungumzo.

Aliyenifanya niione kazi yote upya ni daktari mmoja wa upasuaji wa mifupa aliyekuja kutazama sampuli za shina la nyonga. Nilimweleza kwa fahari: uso mkwaruzo unaoshika mfupa tangu siku ya kwanza ili kipandikizi kisichezecheze, maana kikicheza zaidi ya mikromita 150 hivi mwili huweka kovu laini badala ya mfupa, matundu yenye milango mipana, mfupa utaingia mpaka ndani. Alisikiliza yote, akakigeuzageuza kipande mkononi.

"Mfupa ukishaingia, unashika kweli?"

"Unashika, daktari. Hautoki."

"Sasa kikipata maambukizi, mimi nitakitoa na nini?"

Sikuwa na jibu, na si kwamba swali lilikuwa jipya kwake. Bakteria wana ukubwa wa mikromita moja hivi; tundu linalokaribisha seli ya mfupa linawakaribisha wao kwa nafasi tele, na wakijenga utando humo dawa huwafikia kwa shida. Ikifika hapo kipandikizi chote lazima kitoke, na kukitoa kilichoshikwa kila upande ni kuuvunja mfupa uliosubiriwa kwa miezi. Alinieleza anavyofanya: anapitisha misumeno myembamba kati ya chuma na mfupa, na pale ambapo msumeno haupiti, anakata mfupa wenyewe.

Tulikaa na mchoro mezani mchana wote. Matundu yakaondolewa kwenye sehemu ya chini ya shina, yakabaki juu tu, ambako mfupa unahitaji kubebeshwa mzigo na ambako mkono wake unafika. Kiini kikabaki titani nzima. Juu kabisa tukaweka tundu lenye nyuzi za skrubu kwa ajili ya chombo cha kuvutia. Kilichotubishanisha ni mfereji laini usio na matundu, wa kupitishia msumeno kwa urefu wa shina. Yeye aliutaka uwe na upana wa milimita nne, mimi nilitaka mbili, kwa sababu kila milimita niliyompa ilikuwa eneo la kushika mfupa ninalolipoteza. Tulikubaliana tatu, upande wa nyuma peke yake, na akaniomba nimwandalie sampuli nyingine ya plastiki aende kuijaribu na msumeno wake kabla hatujawasha leza.